Inayokuja, Inayokwenda

Julai hii hata jeli inatetemeka.
Naizamisha chupa ndani ya jagi la maji moto,
lile lile tunalotengenezea chai sisi wa chumba namba nne,
kwa kuwa mtoto wa miezi mitatu
hasamehi ubaridi wa mtu mzima.

Wameingia watatu: Syombua, mamake Syombua,
na Kavutha ndani ya shali mbili na sweta.
Kwenye taya la kushoto, chini ya sikio,
kitu chekundu, kimejaa kama shavu lenye siri.
Barua ya daktari ni fupi:
alizaliwa bila. Wiki ya tatu, kidoa. Wiki ya kumi, hivi.

"Kule Kayole wanakiita nyanya," asema Syombua.
Na mamake, ambaye ni nyanya, na anayeuza nyanya
pale Marikiti tangu Syombua yu mgongoni,
anaangalia dari.
Jirani mmoja alisema ni jicho la mtu.
Mwingine: ulitamani nini ukiwa mjamzito, ukanyimwa?
Wa tatu hakusema neno. Alimhamisha mwanawe.

Nabonyeza kwa kidole: kinapauka.
Naachilia: wekundu unarudi,
kama mwenye nyumba aliyetoka mara moja tu kununua kiberiti.
Nyanya anakifuata kidole changu kwa jicho kali
la mtu aliyegombana miaka mingi na wabonyezaji.

Kisha nahesabu ngozi.
Begani, doa kama kichwa cha pini. Pajani, la pili.
Kwapani. Unyayoni, nani angetazama unyayoni?
Chini ya nepi, la tano.
Yakifika matano, hatuishii shingoni;
ini nalo huweka vyake.
Sisemi. Uso wangu nimeufunza kazi.

Nazima taa. Kwanza kijivu, kijivu juu ya kijivu:
tezi ya mate imesogezwa, haijaliwa.
Kingo zinaonekana. Nashusha pumzi kwa pua.
Halafu nabonyeza kitufe cha rangi
na kioo kinalipuka, nyekundu, bluu, nyekundu,
na Syombua anashika mkono wangu: "Inamwagika!"

Hapana, mama. Mashine hii haijui damu njema wala mbaya.
Inajua mwendo tu.
Nyekundu ni inayokuja kwangu. Bluu ni inayokwenda.
Tazama, nageuza mkono,
na palipokuwa pekundu pamekuwa bluu,
na mtoto ni yule yule.
"Geuza tena," asema nyanya.
Nageuza.

Nafungua sauti: vuu, vuu, vuu,
mbio za mishipa isiyojua ina haraka ya wapi.
Kavutha ananyonya ngumi.

Tumboni nakaa zaidi.
Stima inayumba, betri inalia mara moja, picha inarudi.
Ini: viwili, kama punje za dengu.
Napima. Napima tena. Naandika.

Daktari Nekoye anakuja na viatu vyake vya mvua.
Si saratani, anaanza na hilo, analisema mara mbili.
Kitakua bado, msishtuke; halafu kitachoka,
kwa miaka, si kwa siku.
Vya kwenye ini tutavitazama tena baada ya wiki nne.
Lakini hiki kiko karibu na sikio, hatutakisubiri kichoke chenyewe.
Anataja dawa.

Nyanya anachakura mkoba:
risiti, leso, ufunguo, kijikaratasi cha vidonge.
"Hii? Hii si yangu ya presha?"
Hiyo, asema Nekoye, ila ya maji, kwa matone,
kwa uzito wake, na kamwe asipewe kabla hajanyonya.
Nyanya anakitazama kidonge, anamtazama mjukuu,
mara ya kwanza leo anacheka, bila sauti, mabega tu.

Nafuta jeli. Naita jina linalofuata.
Kwenye benchi la nje mtu amenyoosha shingo:
"Kwani mtoto ana nini hapo, nyanya?"
Namsikia akifunga shali, akichukua muda wake.
"Nyanya ni mimi," anasema.
"Hii ni mishipa tu."